Kaka, lile ua la mama halikuwa limekufa

Kaka, picha uliyotuma kwenye grupu la familia nimeiona. Hiyo welwitschia, mmea wa huko jangwa la Namib, majani mawili tu tangu inaota mpaka inazeeka, upepo unayachana mpaka mtu anadhani yako mengi, na nyingine zinakadiriwa kupita miaka 1,000. Umeandika "Mungu fundi". Kweli fundi. Wenzio wakakuwekea dole gumba, mi nikazima simu, maana ilinijia ile asubuhi ya kesho yake mazishi ya mama.

Wajomba wanakunja turubai, we umeshika jembe unasema tusafishe uwanja. Ukafika kwenye waridi la jangwani la mama, lile alilotoa Same, ukasema kijiti gani hiki kikavu, ukaling'oa ukalitupa kule migombani. Nikakuambia kaka liache, lipo hai. Ukanijibu mbele ya watu wote, "we nawe, unalilia vijiti."

Sasa ngoja nikueleze maana siku ile hukunipa nafasi. Kiangazi lile linapukutisha majani lenyewe, kwa sababu maji ya mmea yanapotelea zaidi kwenye majani, linabaki na lile shina lililovimba chini, na humo ndo limeweka akiba yake mpaka mvua zirudi. Mnyama akitaka kulitafuna utomvu wake ni sumu, Wahadzabe kule Eyasi wanaupaka kwenye mishale. Niliokota, nikalikwangua ganda kwa ukucha, chini yake kijani kibichi, ukucha ukalowa. Nikaliweka kivulini mpaka kidonda cha jembe lako kikakauka ndo nikalipanda, ukilipanda na kidonda kibichi linaoza.

We ni mkubwa wangu na sijasahau nilivyougua tifodi ukanibeba mgongoni mpaka barabara ya lami, mvua inanyesha, shati lako umenifunika mimi. Ndo maana iliniuma hivyo. Angefanya jirani nisingesema kitu.

Unalalamika kwa dada kwamba sipokei simu. Kaka, mshubiri wa mama na dungusi kakati unazoziona huko, mchana zinafunga vile vitundu vya kupumulia, zinavifungua usiku kukiwa na ubaridi, zinavuta hewa ukaa zinaitunza kama asidi, jua likitoka zinapikia chakula humo humo bila kufungua. Zingefungua saa saba mchana zingekauka. Na mi nilifunga hivyo hivyo, ulipopiga Pasaka ningepokea ningemaliza machozi yote niliyobakiza na watoto walikuwa wananitegemea, kwa hiyo sioni nilipokosea, mtu yeyote angefanya vile.

Ua nimelihamishia kwenye ndoo barazani. Mwaka huu limetoa maua ya pinki halina hata jani moja, mama angepiga vigelegele. Ukija usilimwagilie kila siku kwa huruma, maji mengi yanaliua haraka kuliko ukame.

Na Disemba ukipanda nyumbani usije kwangu moja kwa moja na zawadi za watoto ukadhani yameisha. Pitia kwa baba mdogo. Masale, yale majani yetu ya kuombea msamaha, yapo pale mpakani karibu na mfereji, achume yeye jani moja, aje nalo mkononi na we nyuma yake, na uliseme lile neno la msamaha mbele ya wajomba wale wale.