Yah: Mama Yangu Kutolewa Nje ya Chumba cha Chai, Ziara Yenu ya Kyoto, Japani, ya Tarehe 14 Novemba 2025

Dar es Salaam,
2 Desemba 2025.

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima, na kuishika heshima hiyo kumenipa kazi. Barua mbili za mwanzo nimezichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mama angenikataza kuyatamka.

Mmeandika wenyewe kwenye masharti yenu kwamba wateja wazee na wenye maumivu ya viungo watahudumiwa kulingana na hali zao. Fomu tuliyojaza ofisini kwenu mnayo. Kwenye nafasi ya hali ya afya niliandika kwa mkono wangu: mama, umri miaka 71, goti la kulia limefanyiwa upasuaji, hawezi kupiga magoti wala kukaa chini. Dada wa mapokezi aliisoma mbele yetu akasema tusiwe na wasiwasi, kiti kitakuwepo.

Saa nane mchana tuliingia kwenye chumba cha chai, kunakonyweka chai kwa taratibu za mila ya Kijapani. Tulikuwa kumi na mmoja, viatu tumeviacha mlangoni, chini kumetandikwa mikeka ya tatami. Wenzetu wakapiga magoti. Mama akabaki amesimama, kanishika bega, anaangaza macho kutafuta hicho kiti. Mwongozaji wenu, kijana wa kwetu kabisa, Kiswahili chake kimenyooka, akamwambia mbele ya wote: "Bibi, kama huwezi kukaa kama wenzio toka nje, usituharibie. Watu wamelipa." Mama akajibu, "Haya, mwanangu." Akatoka.

Ndugu Meneja, na sisi tulilipa. Shilingi 780,000 kwa watu wawili, kwa siku moja, na risiti ninayo. Mdogo wangu anaishi Osaka, na kutoka huko hadi Kyoto ni treni ya nusu saa tu. Angeweza kutupeleka mwenyewe. Tuliwachagua ninyi kwa sababu mliahidi mtu wa kutueleza mambo kwa Kiswahili, na mama alitaka kuyasikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiswahili ndivyo alivyokuwa akiwafafanulia wanafunzi wake. Amefundisha historia miaka thelathini na mbili. Habari za Meiji, enzi ambayo Mfalme wa Japani alirudishiwa madaraka, amezieleza ubaoni mpaka chaki ikamuingia kwenye kucha, na mji wenyewe hajawahi kuuona.

Mwongozaji tuliambiwa atakuwa stesheni ya Kyoto saa mbili na nusu asubuhi. Alitokea saa nne kasoro dakika ishirini, hakuomba radhi, akatuhimiza tukimbie basi. Tulipofika kwenye hekalu la Kiyomizu-dera alitupa dakika arobaini za kupiga picha, akaenda pembeni na simu yake. Lile jukwaa la mbao linaloning'inia juu ya bonde, kimo chake mita 13, nguzo zake zimeunganishwa bila msumari hata mmoja, na jengo lililopo sasa ni la mwaka 1633. Haya alitueleza mama, si mtu wenu. Wale wageni wawili waliotoka Muscat walimzunguka wakamuuliza maswali, na yeye akajibu kwa furaha ambayo sijaiona usoni pake tangu baba afariki.

Nadhani hapo ndipo kosa lake lilipoanzia, kama kujua ni kosa. Tukiteremka ile njia ya ngazi ya Sannenzaka, mwongozaji alisema Kyoto iliacha kuwa makao makuu kwa sababu ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Mama akamwambia taratibu, kwa sauti ya chini, asimwaibishe: "Mwanangu, mji huu ulikuwa makao makuu tangu 794, na Mfalme alihamia Tokyo mwaka 1869, muda mrefu kabla ya vita hivyo." Kijana hakujibu. Kuanzia hapo hakumwita mama tena. Akawa anamwita bibi, na anavyolitamka neno lenyewe si vile mjukuu anavyolitamka.

Kisha akatupeleka dukani. Saa nzima na dakika ishirini kwenye duka la vitambaa na feni za mkono, mahali ambapo hapakuwemo kwenye ratiba yenu, na wauzaji walimpokea kama mtu wanayemzoea. Naomba mchunguze anapata nini pale.

Muda aliomaliza dukani ulitakiwa kuwa wa ngome ya Nijo. Nataka mlielewe hili. Mama hakwenda Japani kwa ajili ya feni. Alikwenda kusimama kwenye jumba la Ninomaru ndani ya ngome ile, mahali ambapo mwaka 1867 shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, alitangaza kurudisha madaraka kwa Mfalme. Alitaka kuikanyaga ile sakafu inayolia kama ndege, ya tangu enzi za mashogun. Mwisho wa kuingia ni saa kumi jioni, na kampuni inayouza ziara ya Kyoto haiwezi kusema haijui. Tulifika getini saa kumi na dakika kumi na mbili. Kwa nini? Kwa sababu baada ya chai alirudi tena kwenye duka lile lile kuchukua mizigo ya watu. Na wateja walipomuuliza mbona geti limefungwa, akanyoosha kidole kwa mama: "Bibi huyu ametuchelewesha, hatembei."

Badala ya Nijo akatupeleka kwenye madhabahu ya Fushimi Inari, ambako kiingilio ni bure na hakufungwi. Giza lilikuwa limeshaingia. Yale malango mekundu yanapanda mlima, maelfu kwa maelfu, na mama aliyaona akiwa amekaa chini kabisa kwenye benchi. Fedha za kiingilio cha Nijo ziko wapi? Hilo nalo mnijibu kwa maandishi.

Nimeruka la Gion, ule mtaa wa kale wa Kyoto. Kabla ya chai, akitaka kukata njia, alituingiza kwenye kichochoro cha watu binafsi ambacho tangu 2024 watalii hawaruhusiwi. Kibao kipo, kimeandikwa na faini, yen 10,000. Mzee mmoja wa mtaa ule alitoka nje akatuonyesha kibao bila kusema neno, na sisi sote tukainamisha vichwa kwa aibu. Mwongozaji alishatangulia mbele. Watu wale wamechoka kuvamiwa milangoni mwao, na siku ile wavamizi tulikuwa sisi, mkononi tuna kijitabu chenye nembo yenu.

Narudi kwenye chumba cha chai, kwa sababu kule juu sikuwaambia yote.

Kiti kilikuwepo. Mama mwenyeji, aliyekuwa anaandaa chai, alipomuona mama amesimama aliinuka papo hapo, akafungua mlango wa pembeni akatoka na kiti kifupi cha mbao. Alikuwa ameshakibeba kwa mikono miwili. Mwongozaji wenu akampungia mkono kumkatalia, akamwambia maneno ya Kijapani, yule mama akasimama na kiti chake mikononi hajui afanye nini. Ndipo akamgeukia mama yangu na kusema yale aliyosema. Toka nje. Usituharibie. Watu wamelipa. Mwalimu wa watu, mwenye wajukuu saba, anafukuzwa kama mtoto aliyeingia jikoni na miguu ya matope. Mimi nilinyanyuka nikataka kusema, mama akanibana mkono: "Usiniongezee aibu." Ndiyo maana sikusema siku ile, na ndiyo maana nasema leo.

Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni dakika arobaini, viatu vyake amevipakata, baridi ya Novemba inampiga. Nilikaa naye. Shughuli ilipokaribia kwisha mwenyeji alitoka nje na bakuli la chai ya kijani, akapiga magoti mbele ya mama pale kwenye jiwe, akampa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Hawakuelewana hata neno moja. Mama alikunywa, akarudisha bakuli kwa mikono miwili vilevile, kisha akalia. Mgeni asiyejua lugha yetu alimheshimu. Aliyemdhalilisha ni mtu wenu, aliyefunzwa shikamoo.

Tena hakuna mila yoyote ya chai anayoweza kujifichia. Mwaka 1872, hapo hapo Kyoto, kwa ajili ya maonyesho yaliyoleta wageni, mkuu wa ukoo wa chai wa Urasenke, Gengensai, alianzisha utaratibu wa kunywa chai kwa meza na viti, ili asiyeweza kupiga magoti naye akaribishwe. Unaitwa ryurei na bado unafanyika. Zaidi ya miaka 150 wenye chai yao wanampa mgeni kiti, na kijana mnayemlipa ninyi anakikataa.

Nilipopiga simu ofisini kwenu tarehe 24 nilijibiwa kwamba mwongozaji "alikuwa na siku ngumu", na kwamba mtatupa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Safari ijayo na nani?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai nusu ya fedha, yaani shilingi 390,000, kwa ajili ya Nijo na saa tulizopoteza dukani. Nimebadili. Nataka shilingi 780,000 zote zirejeshwe kwenye namba ile ile ya simu iliyolipia, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nataka maelezo ya maandishi kuhusu kiingilio cha Nijo na kuhusu lile duka. Nataka mwongozaji huyo asipewe tena kundi lenye mzee hata mmoja mpaka mtakaponithibitishia mmemchukulia hatua gani.

Siku 14 zikipita kimya, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani, na nakala kwa wakili, na huko sitadai tena gharama ya ziara peke yake, nitadai na ya nauli. Wenzetu sita wa siku ile wamekubali kutoa ushahidi. Mama mmoja wa Mombasa alikuwa anarekodi pale chumbani, na sauti ya mwongozaji wenu inasikika neno kwa neno. Mpaka leo nimemuomba asiirushe mtandaoni, kwa ajili ya heshima ya mama yangu, si yenu. Sitaendelea kumuomba milele.

Nataka pia radhi iombwe, lakini si kwa barua pepe na si kwangu. Mwongozaji mwenyewe aende kwa mama, akiongozana na mtu mzima kutoka ofisini kwenu, aketi, aseme. Mama yuko Tanga, Ngamiani. Huwa nyumbani kila siku baada ya sala ya alasiri.

Mteja wenu,
(sahihi)