Mheshimiwa, makaratasi ya forodha yametuponza vya kutosha

Kwako Mheshimiwa mwenye dhamana ya forodha,

Salaam. Barua yangu ya Kiingereza niliileta ofisini kwako, haijajibiwa. Hii naiandika wazi, kwa Kiswahili, ili waisome na wenzangu tunaobeba vyombo vya muziki kati ya London na Bara Ulaya.

Wiki iliyopita nimepokea dai la ushuru na kodi ya spika na mikseri. Spika hizo ziko hapa sebuleni kwangu ninapoandika. Sikumuuzia mtu. Zilikwenda kupiga taarabu arusini Ufaransa, zikarudi. Saa nane za usiku tulifika bandarini, dirisha la forodha limefungwa, meli inaondoka, na ile karatasi nyeupe ya kutokea Ufaransa haikugongwa mhuri. Kwa hesabu za forodha ya Ufaransa, vyombo vyangu bado viko kwao.

Tangu Januari 2021 gari letu la vyombo haliendi Ulaya bila karneti ya ATA, hati ya forodha ya kupitisha vyombo kwa muda bila kulipa ushuru: jalada la kijani, karatasi za njano za kutoka na kurudi nyumbani, nyeupe za kuingia na kutoka ugenini. Mihuri minne kwa safari moja. Ukikosa mmoja, dhamana uliyoweka inaanza kuandamwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mhuri wa Dover wa kurudi ninao, umegongwa asubuhi ileile. Mkataba wenyewe wa karneti, wa 1961, unaruhusu mhuri kama huo ukubaliwe kuwa ushahidi. Lakini umekaa kwenye karatasi, ndani ya bahasha yangu, na aliyenidai hauoni. Mimi ndiye nikimbie posta, nipige simu, niache kazi, kuthibitisha kwamba kilicho nyumbani kiko nyumbani.

Majaribio ya karneti ya kidijitali yalianza 2019, na Uingereza ilikuwamo. Tuliambiwa simu itatosha. Nadhani kinachokwamisha ni mifumo ya nchi mbalimbali kutosomana. Kama ni kingine, tuambiwe. Maana hata hiyo simu haitatusaidia kama saa nane za usiku bado inangoja mtu wa kuisoma.

Naomba jambo moja tu, Mheshimiwa: tukishapokelewa nyumbani, kule tulikotoka wauone mhuri huo usiku uleule. Mwezi ujao tunapakia tena. Naomba tarehe.

Wako mtiifu,
Fundi mitambo wa kikundi cha taarabu, London