Fungu la Mlembe: Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja mpaka huku kwetu Sikonge, kwenye vumbi na nyuki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, neno "asante" tulifundishwa chekechea. Maana yake tumeipata kwa ndege. Porini yupo mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu. Akikuona hupiga kelele, akaruka mti hadi mti huku akikungoja, mpaka akufikishe walipo nyuki. Yeye anajua pango lilipo; wewe una moto na shoka. Ukisharina unamwachia sega, maana chakula chake ni nta na majana ya nyuki. Wazee wanasema ukimdhulumu, safari ijayo atakupeleka kwa chui.

La chui hatujalihakikisha. Ila utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa Wayao warina asali wa Niassa, Msumbiji, ulionyesha kuwa wakimwita kwa mlio waliorithi kwa baba zao, uwezekano wa kuonyeshwa nyuki hupanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Na huyo ni ndege wa porini, hafugwi na mtu!

Tuseme kweli, mlembe si malaika. Hutaga katika viota vya wenzake, na kinda lake huua makinda ya mwenye kiota. Hata hivyo fungu lake anapewa, kwa sababu asali imeliwa. Walimu wetu, mara nyingine mlitupigisha magoti bila kosa. Asali tumekula. Asanteni sana.

Deni linalotuumiza kichwa ni la miombo. Wengi wetu tumevaa sare na kununua madaftari kwa fedha ya tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni za miti ileile ambayo nyuki hutegemea maua yake. Hata mizinga ya babu zetu ilitokana na magome ya mtundu na myombo, na mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Hatuwalaumu wazazi, walitafuta riziki palipokuwa na riziki. Lakini aliyekatwa ni mti, na aliyesoma ni sisi.

Ndiyo maana klabu yetu ya mazingira imetundika mizinga 6 ya mbao nyuma ya mabweni, na kila mhitimu anaacha mche mmoja wa mninga. Mninga hukua taratibu mno. Kivuli chake watakikalia watoto ambao hawajazaliwa, nao hawatatujua.

Changamoto hazikosi. Mavazi ya kurinia tunayo mawili, na moja limetoboka. Aliyelivaa mara ya mwisho yupo hapa, uvimbe umeshapungua. Maji ya kumwagilia miche tunachota mbali. Tunaomba utusaidie mavazi mengine mawili na tenki la maji ya mvua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chupa hii ya asali ni yako. Sega moja halimo. Tumeliacha juu ya kisiki kule msituni, lina mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.