Barua kutoka Grein

Swahiba wangu,

Salamu sana. Mimi mzima, ukiyatoa magoti, makalio, na vidole viwili vya mkono wa kulia ambavyo tangu juzi havisikii kitu. Nakuandikia kutoka Grein, mji mdogo ukingoni mwa mto Danube, Austria. Leo ni siku ya tano ya safari yangu ya baiskeli. Nikwambie mapema, usije ukaligundua mwenyewe: ule mfuko ulionipa, wenye viraka, solusheni, msasa na vile vipande vya plastiki vya kuvulia tairi, sikuja nao. Uko nyumbani juu ya kabati. Niliutoa usiku wa mwisho ili kitabu cha pili kiingie.

Najua. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Unakumbuka tulivyobishana. Wewe ulisema nipakie mizigo yote, niendeshe siku moja nzima, ndipo tuzungumze habari za ndege. Mimi nikakujibu kwa Thomas Stevens, yule aliyetoka San Francisco Aprili 1884 na baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, akaizunguka dunia hadi kufika Yokohama Desemba 1886. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema na shuka. Nikakuongezea Annie Londonderry, aliyeondoka Boston mwaka 1894 akiwa amejifunza kupanda baiskeli siku chache tu kabla. Ukanyamaza, nikajua nimeshinda. Nilichokuficha ni kwamba Stevens, katika safari ya kufika Boston, zaidi ya theluthi ya njia alitembea kwa miguu akiisukuma. Na yule mama alipofika Chicago aliibadilisha baiskeli yake kwa nyingine yenye nusu ya uzito, na masketi marefu akaachana nayo. Hao niliowatolea mfano walijirekebisha njiani. Mimi nilikunukulia mwanzo wa hadithi zao tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa upande wa kuanzia. Njia hii inayofuata mto kati ya Passau, mpakani mwa Ujerumani, na Vienna ina kilomita kama 320, na wengi huianzia Passau. Hilo nililijua. Nikadhani wanafuata mteremko, nikapiga hesabu nikaona kwamba kutoka Passau hadi Vienna mto haushuki hata mita 150. Mita 150 kwa umbali wote ule ni kitu gani? Na kwa kuwa tiketi niliyoipata ilikuwa ya Vienna, nikasema naanzia huku huku, napanda. Nikajiona mjanja hasa. Upepo sikuuliza. Upepo wa bonde hili siku nyingi hutoka magharibi, na magharibi ndiko ninakokwenda.

Wewe umeendesha milimani, unajua mlima ukishaupanda umekwisha. Upepo hauna pa kuishia. Ukienda kilomita 15 kwa saa, nao ukakujia kwa 20, kifua kinapambana na 35. Kasi hiyo ikiwa maradufu, nguvu inayokurudisha nyuma haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Mabegi mawili ya ubavuni ni matanga yaliyotwekwa kinyume. Saa nyingine nilikuwa nainua kichwa naona miti ya ukingoni imeinama yote kuja kwangu, majani yamejigeuza upande wa chini, nikashusha kichwa tena nikaangalia tairi la mbele. Nimelifahamu vizuri sana tairi la mbele.

Kando ya mto kuna vibao vya kilomita. Vimewekwa kwa ajili ya meli, si kwa ajili yetu, na vinahesabu kuanzia mwisho kabisa wa mto, kwenye Bahari Nyeusi. Vienna ni kama 1930, Passau ni 2226. Anayeshuka namba zinampungukia. Mimi zinanipandia, na kufikia siku ya pili nilikuwa naziangalia kama mtu anayeangalia deni. Halafu kuna hili, ambalo lilinichekesha peke yangu barabarani: sehemu nyingi za njia hii ni zile zile walizopita farasi zamani wakivuta mashua kwa kamba, kabla ya meli za mvuke. Mashua za kushuka zilijiendea na maji. Za kupanda ndizo zilizohitaji farasi. Basi mimi nimejiajiri kazi ya farasi, na nauli nimejilipia mwenyewe.

Siku ya kwanza niliifungua boksi nje ya nyumba ya wageni. Pedali ya kushoto niliizungusha kama skrubu yoyote, ikakataa, nikaongeza nguvu, hadi nikaisikia sauti yako: ya kushoto hukazwa kinyume. Meno yake yamelika kidogo lakini imeshika. Nikapakia, nikapanda, na kabla ya kufika kona nikajua ulichokuwa unakisema. Kila nikikanyaga, kisigino kinagonga begi. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikaanza kuendesha nimetanua magoti kama mtu aliyepanda pipa. Nikisimama kwenye pedali, nyuma kunayumba, mbele kwepesi mno, usukani unacheza. Mzigo wote nilikuwa nimeurundika kwenye keria ya nyuma, mbele hakuna hata kilo moja. Kuyasogeza mabegi nyuma kwa upana wa viganja viwili ili kisigino kipite ni kazi ya dakika tano na alenki moja. Niliifanya siku ya tatu. Siku mbili nzima niliendesha na magoti nje kwa sababu niliona aibu kusimama kujirekebisha kilomita tano tu baada ya kuanza. Aibu ya nani? Nilikuwa peke yangu!

Kuhusu ile bukta yenye sponji, sikuelezwa na mtu kwamba haivaliwi na chupi ndani. Tuishie hapo.

Sasa Jumapili. Nilikuwa nimelala Tulln, nimeshika njia ya Krems, juu ya tuta, hakuna mtu wala kivuli. Nyuma nikahisi baiskeli inakuwa nzito, halafu inateleza kama imepakwa sabuni. Pancha. Sina viraka, sina vile vipande vya plastiki. Tyubu moja ya akiba nilikuwa nayo, nayo kwa bahati tu, ilikuja na baiskeli. Nikavua tairi kwa mpini wa kijiko, nikaweka tyubu mpya, nikaenda kuijaza, na pampu haiingii. Valvu za baiskeli yangu ni zile nyembamba zenye kichwa cha kufungua. Pampu niliyoinunua ni ya zile nene, kama za gari. Niliinunua wiki moja kabla ya safari na sikuijaribu hata mara moja. Swahiba, nilikaa kwenye nyasi nikaitazama ile pampu kwa muda mrefu sana. Na hapa Jumapili maduka hufungwa.

Baada ya kama nusu saa wakaja wazee wawili, mke na mume, kila mmoja na baiskeli yake, wanashuka na upepo mgongoni hata hawakanyagi. Yule mama akasimama. Kijerumani changu unakijua, hakipo. Hakuuliza kitu. Akaichukua tairi, akapitisha kidole ndani taratibu sana, kama anayetafuta uchafu kwenye jicho la mtoto, akazunguka karibu duara zima, akasimama. Akanishika kidole changu akakiweka pale pale. Kiwaya, chembamba kama unywele, kimejitokeza ndani labda milimita mbili. Mimi nilikuwa nimeweka tyubu mpya juu yake. Akakichomoa kwa ukucha.

Tyubu mpya haikujaa hata kwa pampu yao, maana kijiko changu kilikuwa kimeibana na kuitoboa nilipokuwa naingiza tairi. Basi akachukua ile ya kwanza akaipiga msasa hadi mpira ukapoteza mng'ao, akapaka solusheni pana kuliko kiraka, nami nikanyoosha mkono kubandika. Akanipiga kofi dogo mkononi. Akainua kidole. Subiri. Tukasubiri, watu watatu tumeitazama gundi ikikauka, mpaka ikaacha kung'aa. Ndipo akabandika, akakandamiza kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni. Kile kiraka kipo mpaka leo.

Kabla hawajaondoka, yule mzee aliinyooshea kidole baiskeli yangu, akanyoosha mkono kuelekea walikotoka wao, akapuliza usoni mwangu kwa nguvu, fuuu, na wote wawili wakacheka hadi mama akajishika kiuno. Ndivyo nilivyojua kwamba nimekosea upande. Vipande viwili vya plastiki vya kuvulia tairi nilivikuta baadaye kwenye begi langu moja. Sikuwaona wakiviweka.

Krems Jumatatu nilinunua pampu na tyubu mbili, na fundi akanipandisha kiti. Magoti yangu yalikuwa yanauma kwa mbele, na sababu ni kiti kuwa chini. Aliniambia kwa ishara niweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Wangu ulikuwa umekunjika kama nimekaa kwenye kigoda. Suruali ya jinzi niliiacha nyumba ya wageni. Ililowa mvua Jumamosi na hadi Jumatatu ilikuwa bado mbichi, nzito kama maiti. Vitabu bado ninavyo viwili. Sijafungua hata kimoja.

Kuanzia Krems hadi Melk ni bonde la Wachau, ambalo UNESCO wameliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ni zuri kama wanavyosema. Pale Dürnstein kuna magofu juu ya jabali, ndiko alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza, yule waliyemwita Moyo wa Simba, mwishoni mwa mwaka 1192, alipokuwa anarudi kutoka vitani akipita nchi ya watu kwa kujificha. Nilimwonea huruma kwa dhati. Naye alikuwa safarini ugenini bila maandalizi.

Jana ndiyo ilikuwa mbaya. Nilitoka Melk, upepo uko pale pale, na saa nane mchana nikiwa karibu na bwawa la umeme la Ybbs-Persenbeug nilishuka nikaiegemeza baiskeli, nikakaa kwenye benchi nikaanza kulia. Si kwa maumivu. Niliona tu kwamba safari yote ni upuuzi, kwamba nimepoteza pesa, kwamba hakuna anayenihitaji popote. Mambo makubwa makubwa. Halafu nikakumbuka sijala tangu asubuhi. Nikala nilichokuwa nacho begini, nikakaa dakika ishirini, na yale mawazo yote yakaondoka kama watu wanaoshuka basi. Mwili una akiba ya sukari ya saa moja na nusu, mbili, ukiubana sana. Ikiisha, kichwa nacho kinakwenda. Nilikuwa nimelisoma hilo. Lakini njaa ya namna hii haikwambii kwamba ni njaa. Tungekuwa wawili, ungenitazama usoni ukasema kula kwanza, na habari ingeishia hapo. Hilo ndilo sikuliona wakati tunabishana. Nilidhani kwenda peke yangu maana yake ni kutokuwa na wa kuzungumza naye, na hilo silijali, nimezungumza na ng'ombe, na vibao, na tairi. Kumbe ninayemkosa ni wa kunitazama.

Jioni nilifika hapa Grein. Mto unapita kwenye bonde jembamba, msitu pande zote mbili. Zamani wenye mashua walipaogopa sana mahali hapa kwa ajili ya miamba na maji yanayozunguka. Waliilipua ile miamba kidogo kidogo, na lile bwawa la Ybbs-Persenbeug lililomalizwa 1959 likaja kuyatuliza maji. Sasa ni kimya kama ziwa. Nilikaa ukingoni nikahesabu: siku tano, na kibao kinasema 2079. Zimebaki karibu 150 mpaka Passau, na utabiri wa hali ya hewa unasema wiki yote ni magharibi.

Basi nimeamua. Kesho napanda treni hadi Linz, nabadilisha, naenda Passau na baiskeli yangu, halafu nageuza, nashuka na mto kama watu wengine. Usiku nilijitetea sana moyoni, kwamba ni kukata tamaa, kwamba wewe utasema. Asubuhi nilipoamka sikuona tena wa kumjibu. Nikishuka nitapita tena pale kwenye tuta, na nina hamu ya kupaona mahali pale nikiwa sikanyagi.

Vidole viwili bado vimekufa, kidole kidogo na kile cha pete. Leo asubuhi vifungo vya shati nilivifunga kwa mkono wa kushoto. Nadhani nilikuwa nalalia usukani kwa viganja. Nimeuinua kidogo, na sasa nabadilisha mshiko kila ninapokumbuka.

Jingine: gurudumu la nyuma limeanza kugusa breki upande mmoja, linalia kila mzunguko. Nimeipindua baiskeli hapa nje ya dirisha nikazishika spoku moja moja kama ulivyokuwa ukifanya wewe, nikapata mbili zimelegea, upande wa gia. Spana ya spoku sina, iko kwenye mfuko ule ule. Mwenye nyumba ameniambia jirani yake anayo. Naenda kubisha hodi sasa hivi kabla hajalala, kwa hiyo barua naikatia hapa.

Wako,
Sikio la kufa