Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mkeka wa Miyaa

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na tunaomba nawe uwe salama huko Nairobi. Wiki iliyopita uliniuliza kwa simu kwa nini mkeka wa miyaa, yaani wa majani ya mkoma, unaotaka kumtunza rafiki yako harusini una bei kubwa kuliko wa plastiki, ilhali wa plastiki ukimwagikiwa na chai hupanguswa ukawa safi papo hapo. Sikukujibu, kwa kuwa jawabu lake ni maisha ya bibi yako, na hayo hayasimuliki kwa simu. Alipofariki ulikuwa darasa la tano, nawe ulimjua kama bibi wa kukufichia visheti tu.

Alizaliwa na kuolewa Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa chetu, kijiji ambacho wanaume wake wanajulikana kwa kuunda na kukarabati majahazi na wanawake kwa ususi. Babu yako alifariki nikiwa darasa la tatu, akaacha watoto watano na deni dukani. Bibi yako hakuwa na minazi wala ndugu mwenye uwezo. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikaa uani akachana miyaa.

Nataka uione kazi hiyo kama nilivyoiona mimi. Majani ya mkoma huanikwa juani mpaka yakapoteza ukijani, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Zake ungezipanga kumi usione iliyozidi upana. Zinazotiwa rangi huchemshwa sufuriani, na wakati wa kusuka chane zote hulowanishwa kidogo zisikatike. Hapo ndipo unapopatikana ukili, utepe mrefu wa pima nyingi, ambao huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, sindano nene ya mikeka, hadi mkeka ukatimia. Mkeka mmoja wa kulalia ulimchukua wiki kadhaa, kwa sababu mikono iyo hiyo ilipika, ilifua, ilichota maji kisimani na kutukanda usiku tuliposhikwa na homa. Karo yangu ya sekondari ilikuwa mikeka minne na mswala mmoja kila muhula. Nami, Mungu anisamehe, mkeka alionipa kwenda nao bweni niliuficha chini ya kitanda kwa kuona haya mbele ya wenzangu.

Alasiri wasichana walipotoka chuo cha Kurani walikuja uani kwetu kujifunza, na vidole vikiwa kazini aliwafundisha nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake huziimba harusini wakigonga pembe kwa vijiti. Aliwasomea pia utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Alitaka wajue kwamba maneno hayo yanayosomwa leo kwenye vyuo vikuu yalianza kwa mama aliyekuwa akizungumza na mtoto wake, tena katika visiwa hivi hivi.

Mwaka 2001 UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, alifurahi kama sote, lakini aliuliza swali ambalo sijasikia likijibiwa ipasavyo: nyumba za mawe zinahifadhiwa, je, mikeka iliyotandikwa ndani yake ilisukwa wapi na nani? Alikwenda ofisi moja kuwaombea wanawake wa Matondoni nafasi katika maonyesho. Bwana mmoja akamwambia kuwa mikeka si sanaa, ni kazi ya nyumbani. Bibi yako aliutandika mkeka wake sakafuni akamwomba aoneshe pale ukili ulipoungwa. Yule bwana alipapasa asipaone, na bado nafasi hakuitoa. Walipewa mwaka wa tatu, baada ya safari nyingi za mashua ambazo nauli yake aliitoa mfukoni mwake.

Lakini mimi naona jambo lake kubwa zaidi lilikuwa chama. Wachuuzi walikuwa wakimvizia mwanamke mwenye shida, ambaye mtoto wake anaumwa au hana unga, wakaununua mkeka wake kwa bei ya kutupa, na bei hiyo ikawa ndiyo ya kijiji kizima. Bibi yako aliwashawishi wenzake waweke fedha kidogo kila wiki, ili mwenye dharura akope chamani na mkeka wake usubiri mnunuzi wa haki. Walikubaliana bei ambayo hakuna angeshuka chini yake. Wawili walivunja makubaliano, naye hakuwafukuza. Alikwenda kwao usiku kuuliza ni shida gani iliyowabana. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, watu wakaanza kuulizia vikapu, na wasichana wakasuka kwa pupa. Yeye, ambaye macho yalikwisha kufifia, alivipapasa kimoja kimoja, na kilicholegea alikifumua. Mwaka uliofuata alifariki.

Basi bei uliyotajiwa ni ile ambayo wanawake wa chama wangali wanaishika, na mimi siwezi kukuombea upunguziwe.

Ndani ya sanduku lake nimeuhifadhi ukili alioacha, pima tatu, mwekundu na zambarau, na chane za mwisho zimening'inia bila kusukwa. Nimezungumza na wanawake wa chama, nao wamekubali kuuendeleza uwe mkeka wa rafiki yako, kwa bei yao ile ile. Nitumie kipimo cha chumba cha maharusi, urefu na upana. Bamvua likifika nitapanda mashua niupeleke Matondoni mwenyewe, na chane ninazilowanisha leo usiku.

Wasalaam,
Mamako