Barua kwa mwanangu: Hela ya kipimo cha pili sitatuma

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Hapa Muheza hatujambo, bibi yako miguu inamsumbua kidogo lakini anatoka nje kuota jua. Ile meseji yako ndefu ya kuomba hela ya kupimwa kichwa tena nimeisoma, nikaona kwenye simu tutaishia kukatana maneno, bora nikuandikie.

Hela ya kipimo cha pili sitatuma. Nalisema mapema usije ukasoma barua yote ukilitafuta. Ulipojigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda cha deka ulikwenda hospitali siku ileile, na kwa hilo nilikusifu mbele ya shangazi yako. Wamekuchunguza, wamekupiga kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, hawakuona damu wala ufa. Karatasi uliyonipigia picha, ile ya kupima fahamu, imeandikwa 15 kati ya 15. Karatasi hiyo nimeijaza wodini mpaka nimestaafu: mgonjwa akifumbua macho mwenyewe ni 4, akijibu maswali kwa akili timamu ni 5, akiambiwa inua mkono akainua ni 6. Juu ya hapo hakuna alama nyingine. Aliyezimia kabisa, asiyeitikia chochote, anapata 3.

Leo ni wiki ya tatu. Nundu imeshuka, umesema mwenyewe. Lakini saa nane usiku uko macho, umewasha tochi ya simu mbele ya kioo unajipima mboni. Mwanangu, gizani mboni za kila mtu hupanuka. Na watu wazima wa afya zao wana mboni zinazopishana ukubwa kidogo, kati ya watano humkosi mmoja, ila wao hawajiangalii kwenye kioo usiku. Hulali. Hilo ndilo linaloninyima usingizi na mimi.

Yule mwigizaji uliyenitumia habari zake, Natasha Richardson, nimemsoma. Alianguka kwenye theluji kule Kanada Machi 2009, akasema yuko sawa, akakataa kutibiwa, na siku mbili baadaye akafariki. Ni kweli na inaumiza. Ila soma vizuri: kichwa kilianza kumuuma siku ileile, saa chache tu baada ya kuanguka. Wewe hukukataa kuonwa, ulionwa. Damu inayovuja polepole kwa wiki kadhaa ipo, sikufichi. Hiyo tuliizoea kwa wazee, kwa walevi wa siku nyingi na kwa wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda. Wewe una miaka 22 na pombe huijui.

Najua kinachokurudisha pale. Habari ya baba yako unayo kichwani kama niliyonayo mimi, siirudii. Nataka ujue hili tu: baba yako hakujigonga popote. Ilikuwa presha, ya miaka, na dawa alizimeza siku anazojisikia. Watu wazima wa nyumba hii tulisema kichwa chake ni jua la shamba, nawe ulikuwa umesimama mlangoni ukisikia. Kwa hiyo leo ukilalamika kichwa siwezi kukuambia ni uchovu tu halafu nikakata simu. Nimekusikiliza, nimekuuliza yote ambayo ningemuuliza mgonjwa wangu, na majibu yako hayakunitisha. Ungenitisha, ningekuwa nimeshapanda basi.

Nakuandikia dalili mara moja, uzibandike ukutani uache kuzitafuta mtandaoni. Kutapika tena na tena. Maumivu ya kichwa yanayozidi saa hadi saa na parasetamo haiyagusi. Usingizi mzito, mtu anakuamsha huamki sawasawa. Degedege. Mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, maneno kukwama, kuchanganyikiwa usijue uko wapi. Maji maji yasiyo na rangi au damu kutoka puani au sikioni. Ukiona hata moja usinipigie mimi, mwamshe mwenzako wa chumbani mwende hospitali usiku huohuo. Usipoiona, lala.

Hayo maumivu ya utosini ya kila jioni nakuamini kwamba yapo. Mtu asiyelala anaumwa kichwa. Asiyekula anaumwa kichwa. Anayebonyeza jeraha kila saa kuona kama bado linauma, litauma. Na parasetamo unazozimeza kila siku, ukipitisha nusu ya siku za mwezi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa. Zipunguze. Mwenzako ananiambia huendi hata kula. Sikumtuma akuchunge, nilimpigia kwa sababu hukupokea simu, na hilo nimekasirika nalo mpaka leo.

Kuhusu CT nyingine. Mionzi yake inazidi ya eksirei ya kifua mara nyingi sana, hapigwi mtu ili atolewe wasiwasi. Halafu umeniandikia mwenyewe kwamba ile ya kwanza ilikutuliza siku mbili. Ya pili itakutuliza ngapi? Utasema mashine ilikuwa mbovu, au aliyesoma picha alikuwa na haraka, kama unavyosema sasa.

Chuoni kwenu wapo wa ushauri nasaha. Nenda Jumatatu. Usiende kueleza kichwa, eleza usiku wako: kioo, tochi, bando linaloishia kwenye kusoma magonjwa. Hofu ya namna hii ni ugonjwa unaotibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na wapo wanaoongezewa dawa. Wodini nimewaona watu wazima, wenye vyeo, wakirudi na faili nene lisilo na ugonjwa hata mmoja ndani yake, na mateso yao yalikuwa ya kweli. Sitaki ufike huko. Wewe ndiye uliyesoma na kibatari ukafaulu, mitihani hii usiahirishe kabla hujaonana nao. Ukishaonana nao wakasema upumzike, nitakubali na sitauliza neno.

Simu uizime saa nne usiku. Mimi nitapiga saa mbili usiku, upokee.

Huku mvua imeingilia jikoni, fundi anasema mbao mbili za paa zimeoza na bati zibadilishwe upande wa mashariki. Nasubiri hela ya machungwa, mwaka huu wanunuzi wanatushusha bei mno. Mdogo wako amepata barua ya shule, orodha ya vitu ni ndefu, godoro atatumia lile lako la zamani, nimeshalianika. Yule mbuzi mweupe amezaa, wako salama.

Mzigo wako nimeukabidhi kwa basi la Ijumaa: machungwa, unga wa muhogo, samaki wakavu na shuka nzito kwa baridi ya huko Dodoma. Ukaupokee mwenyewe stendi ya Nanenane, usimtume mtu. Machungwa yaliyo juu yameiva, yaanze hayo, na mwenzako umpe ya kwake. Ukishaupata nitumie meseji, na uniambie kama samaki hawajavunjika.

Ni mimi mama yako.