Binamu, yule samaki anasingiziwa

Binamu,

Nimenyamaza miezi minane. Kwenye kundi la ukoo nakuona ukiisimulia safari yetu, kwamba samaki tuliyekula usiku ule ndiye aliyekuharisha, na kila unapoisimulia yule samaki anazidi kuoza. Mara ya kwanza alikuwa na harufu kidogo tu. Juzi alikuwa keshabadilika rangi, na mimi nimekushikia uma nakulazimisha umeze. Umenisema mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu. Shangazi zetu nao wasome.

Tuanze na samaki mwenyewe. Aliletwa saa mbili usiku, sahani bado inaunguza. Mhudumu aliishika kwa kitambaa, akatuonya kwa ishara tusiiguse. Mafuta yalikuwa yanatokota pembezoni. Ulipobandua kipande cha kwanza, mvuke ukakuziba miwani, ukabaki unacheka huku huoni kitu. Ukala upande wako wote, kisha ukavuka mpaka ukanyofoa na shavu la upande wangu. Chakula kinachotoka motoni namna ile ni katika vyakula vya kuaminika kuliko vyote awapo mtu ugenini. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kiive mpaka katikati kifike nyuzijoto 70, na kikishaiva kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Yule wetu hakukaa nje hata dakika 5. Ulimmaliza.

Sasa turudi nyuma kidogo. Jana yake mchana tulikula pale hotelini, mahali ulipopachagua wewe kwa sababu meza zilikuwa na vitambaa vyeupe. Tukakuta chakula cha kujipakulia, na watu wa kwanza walishaondoka kitambo. Vile vimoto vya chini ya trei vilikuwa vimezimika. Niligusa ubavu wa trei moja kwa kidole, ikawa vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Wewe ukajaza sahani saladi ya majani mabichi. Mimi nikala mkate na chungwa nililolimenya mwenyewe, ukanicheka kwamba nimelipia bure.

Halafu mchana wa siku ile ile ya samaki, glasi tatu za juisi, zote na barafu. Nilikuuliza hayo maji ya barafu yametoka wapi, ukanijibu kwamba baridi huua vijidudu. Haiui, binamu. Vingi vinalala tu humo ndani, barafu ikiyeyuka vinaamka. Kama maji hukuyaamini kwenye bomba, usiyaamini kwa kuwa yameganda.

Kinachotuchanganya wengi ni hesabu ya muda. Vijidudu hivi vinavyowaharisha wasafiri huweza kukaa tumboni kati ya saa 6 na saa 72 kabla mtu hajasikia chochote. Wewe ulianza mbio za chooni saa tisa usiku, yaani saa 7 baada ya samaki. Kwa hiyo sitasema uongo: samaki yumo ndani ya hesabu, siwezi kumtoa. Lakini saladi imo, barafu imo, na kile kijiko cha kupakulia kilichoshikwa na mikono ya hoteli nzima nacho kimo. Mlo wa mwisho hubeba lawama zote kwa sababu ukitapika ndio unaotangulia kutoka.

Na mbona kwenye kundi huisemi sehemu ya alfajiri? Nilikuwa na pakiti moja ya chumvi za kurudisha maji mwilini, imeandikwa ichanganywe na lita moja. Chombo cha kupimia hakuna, nikapima kwa chupa mbili za nusu lita. Wewe ukataka pakiti nzima iingie kwenye glasi moja ili iwe na nguvu! Nikakatalia pale pale, maana ikizidi ukali inakuongezea madhara. Ukanuna, ukawa unakunywa kidogo kidogo umegeukia ukuta. Kulipokucha ukaomba mkate. Hapo ndipo nilipopumua.

Haya, utetezi wangu umeishia hapo, kwa sababu kuna kosa ninalolijua na wewe hujawahi kulitaja. Usiku ule kabla hatujakaa kula tulitembea karibu saa nzima. Mgahawa wa kwanza niliukataa kwa kuwa menyu ilikuwa na picha. Wa pili kulikuwa na mtu mlangoni anaita wateja. Wa tatu ulijaa wasafiri kama sisi, nikajifanya siwaoni. Nilikuwa natafuta wanakokula wenyeji, kana kwamba mwenyeji akiona picha kwenye menyu anapoteza hamu ya kula. Pale kwenye mgahawa wa tatu ulichuchumaa ukafungua kamba ya kiatu, ukaifunga tena, ukafungua ya pili. Kamba hazikuwa na tatizo lolote. Ulikuwa na njaa na umechoka kubishana na mimi. Nililiona lile, nikaendelea kutembea. Kwa hilo naomba radhi, na hili nalo shangazi walisome.

Tangu hapo nimesafiri mara mbili peke yangu. Kwenye ndege nilikula kitu kisicho na ladha, na najua sababu: hewa ya mle ni kavu mno na mgandamizo wake umepunguzwa kama mtu aliyeketi juu ya mlima, basi ulimi hausikii vizuri chumvi wala sukari. Nilitaka kumwelezea mtu. Jirani yangu alikuwa amelala mdomo wazi.

Nchi kavu ndiyo mbaya zaidi. Unakaa, mhudumu anakuja, anaangalia kiti cha mbele yako, kisha anaondoa ile sahani ya pili, uma wa pili, glasi ya pili. Hafanyi kwa ubaya, anasafisha meza tu. Siku moja nilikutana na menyu yenye maandishi nisiyoyajua hata herufi moja, nikaonyesha mistari miwili kwa kidole nikidhani nimeagiza supu na nyama. Zikaja supu mbili. Moja ya moto, moja ya baridi. Ungekuwepo ungechukua ya moto bila kuuliza, nami ningelalamika, tungebadilishana katikati. Peke yangu nilikuwa nahama bakuli hadi bakuli kama mtu anayejaribu viatu dukani.

Mwezi ujao nina safari. Viti ni viwili, kimoja nimekishikilia, cha dirishani, na najua hukubali kingine. Usiku wa kwanza pa kula utachagua wewe, hata kama menyu ina picha kuanzia jalada. Mimi kazi yangu itakuwa moja tu, kumwambia mhudumu glasi yako isitiwe barafu.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Ila usijibu kwenye kundi.